Mtande na Mshindio wa Mafunjo

Shina la funjo lina kingo tatu. Ukilishika umefumba macho, kiganja kinalitambua mara moja kati ya matete yote ya mtoni, kwa kuwa tete ni duara na funjo ni pembe tatu. Mvuvi mmoja alinikatia mashina kumi na mawili, akayaleta begani asubuhi yakiwa bado yanachuruzika maji, vishungi vyake vya kijani vikiburura vumbi la njia. Nikayapanga barazani kwangu, hapa Juba, si mbali na Nile, mahali ambapo jioni unasikia injini za mashua zinazotoka Bor. Nilitaka kutengeneza karatasi moja tu, kama walivyotengeneza mafundi wa Misri siku zile Misri ilipokuwa chini ya Roma.

Wazo lilianzia darasani. Nafundisha Kiswahili, lugha ambayo Juba inazidi kuihitaji tangu Sudan Kusini ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Mwanafunzi mmoja aliniuliza neno "karatasi" limetoka wapi. Nikamjibu: kwa Waarabu, qirtas. "Na Waarabu wamelitoa wapi, mwalimu?" Kwa Wagiriki, waliosema khartes, neno lile lile ambalo Warumi walilitamka charta. Kwa Mgiriki na kwa Mrumi lilikuwa jina la karatasi ya mafunjo ya Nile. Nikaendelea: kalamu ni kalamos, tete lililochongwa ncha. Daftari ni diphthera, ngozi iliyotayarishwa. Karani wetu wa leo akifungua daftari, akashika kalamu na kuvuta karatasi, ameshataja ngozi, tete na funjo. Kijana yule akanyoosha kidole upande wa mto. "Yale yale?" Ndiyo, nikamwambia, yale yale.

Maelezo marefu kuliko yote yaliyotufikia kuhusu kazi hii yaliandikwa na Plinius Mzee, afisa wa Kirumi aliyekusanya maarifa ya zama zake katika vitabu 37 na kufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka. Karatasi ameieleza katika kitabu cha 13. Yeye hakuwa fundi, na kuna mahali anapokosea. Lakini alikuwa mdadisi wa kweli: ametuachia vipimo kwa upana wa vidole, majina ya madaraja ya karatasi, hata namna ya kupika gundi. Niliyasoma maelezo yake mara nyingi mpaka nikajiona nayajua. Kisha nikashika kisu, nikagundua kwamba kusoma kazi na kuitenda ni mambo mawili.

Jirani yangu ni mama mfuma mikeka. Kiswahili alijifunzia kambini Kakuma miaka ya ukimbizi. Ufumaji aliujua kabla ya hapo, kutoka kwa mama yake mzazi. Alinitazama nikiharibu mashina mawili, akaja, akakaa kwenye kigoda, akaninyang'anya kisu kwa upole. "Kisu kisisukumwe, mwalimu. Kivutwe."

Shina hukatwa vipande, kila kimoja kama urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni. Ganda la kijani hubanduliwa, na ndani yake hutokea kiini cheupe, laini, kilichojaa majimaji, chenye nyuzi nyembamba zinazokwenda kwa urefu wote wa shina. Kiini hicho ndicho karatasi. Huchanwa tepe, na Plinius anaweka masharti mawili: ziwe nyembamba kadiri iwezekanavyo, na wakati huohuo ziwe pana kadiri iwezekanavyo. Ukiwa mezani unasoma, masharti hayo yanasikika mepesi. Ukiwa na shina mkononi, unaona yanavyovutana: utepe ukiufanya mwembamba unakatika kabla ya kufika mwisho, na ukiogopa usikatike unaufanya mnene kama kipande cha muhogo.

Plinius anasema pia kwamba tepe bora hutoka katikati ya shina, na ubora hushuka kadiri unavyosogea pembeni. Sababu yake niliiona barazani. Katika umbo la pembe tatu, kisu kikipita kutoka ukingo mmoja hadi katikati ya ubavu unaoukabili, hapo ndipo utepe unapokuwa mpana kuliko kwingine kote. Sogea kulia au kushoto, unapungua. Mama yule hajawahi kumsikia Plinius. Lakini baada ya shina la tatu alikuwa tayari anatenga tepe za katikati kando, kama anavyotenga majani marefu anapoanza mkeka, mkono ukipima kabla ya jicho.

Plinius anataja sindano mahali ambapo mimi nilitumia kisu. Wataalamu hawajakubaliana kuhusu maana yake. Wengine wanasema sindano ilipasua kiini moja kwa moja. Wengine wanasema fundi alilizunguka shina, akikifungua kiini ubavu baada ya ubavu kama mtu anayekunjua mkeka uliofungwa, ili apate kipande kimoja kipana. Nilipojaribu sindano ndefu ya kushonea magunia nilihisi tofauti vidoleni. Kisu kinakata nyuzi zikiwa njiani mwake. Sindano inatafuta njia kati ya nyuzi na kuziachanisha, na utepe unaopatikana hivyo unabaki na nguvu zake zote. Nilifanikiwa kupata tepe mbili tu za namna hiyo. Fundi wa Aleksandria bila shaka alipata nyingi kwa siku, akiwa na mto wa kazi unaomngojea nyuma yake.

Kisha huja kulaza. Ubao hulowanishwa, tepe za kwanza zikapangwa bega kwa bega zikielekea upande mmoja, na juu yake zikapangwa nyingine kwa kukingama. Plinius hapa anatumia lugha ya mfumaji, na Kiswahili kinampokea bila shida: mtande chini, mshindio juu. Lakini huu ni ufumaji wa ajabu, kwa sababu hakuna uzi unaopita juu na chini ya mwenzake. Tabaka mbili zinalala tu, moja juu ya nyingine, na zinashikana. Mama yule hakuamini. Mkeka bila kupishana kwake ni rundo la majani. Alipobana tabaka zile kwa kiganja na kuona utomvu unatoka na kunata kama mate ya bamia, alinyamaza muda mrefu, akanusa vidole vyake.

Plinius aliamini kwamba gundi hiyo ni tope la Nile. Hapo alikosea. Karatasi yangu ya nne niliilaza kwa maji safi ya chupa, ikashika sawasawa na ile ya maji ya mto. Gundi imo ndani ya mmea wenyewe. Kinachotakiwa ni kuukandamiza ukiwa bado mbichi, kati ya vitambaa na mbao, na kubadilisha vitambaa vinapolowa, tena na tena, mpaka ukauke ukiwa umenyooka. Karatasi yangu ya kwanza iliachana kwa sababu tepe zilikuwa nene. Ya pili ilishika kuvu, kwa maana ilikuwa majira ya mvua nami nilichelewa kubadilisha vitambaa usiku mmoja tu. Ya tatu ilikauka.

Kazi haikuishia hapo. Karatasi iliyokauka ilisuguliwa kwa pembe ya ndovu au kwa kombe la baharini ili uso wake uwe laini. Katika hatua hii Plinius ana onyo ambalo nalipenda kuliko maneno yake mengine yote: ukiisugua kupita kiasi, inang'aa vizuri lakini wino hauingii. Kuna mahali pa kuachia. Hakuna kipimo cha vidole kinachoweza kuonyesha mahali hapo. Fundi anajua kwa sauti ya kombe likipita, na kwa jinsi uso unavyoanza kurudisha mwanga. Nilisugua kwa simbi niliyoletewa zamani kutoka Lamu, nikaacha mapema, kwa woga. Fundi mwenyewe angeacha kwa kujua.

Mwisho, karatasi ziliunganishwa ubavu kwa ubavu kuwa gombo. Gundi ya kiungo ilipikwa kwa unga laini wa ngano, maji yanayochemka na tone la siki, kisha mahali pa kiungo pakagongwa kwa nyundo mpaka kalamu iweze kupita bila kujikwaa. Gombo la dukani halikuzidi karatasi 20, nazo zilipangwa kwa ubora, nzuri kabisa mwanzoni na dhaifu mwishoni.

Sasa tazama dola ilivyoingia katika kazi hii. Augusto alipoitwaa Misri mwaka 30 kabla ya Kristo, alitwaa pia mabwawa yote yaliyolisha dunia karatasi. Hapo awali daraja la juu liliitwa "takatifu", kwa kuwa lilitumika kwa vitabu vya dini. Likateremshwa hadi nafasi ya tatu. La kwanza likapewa jina la Augusto, la pili jina la mkewe Livia. Karatasi ya Augusto ilikuwa na upana wa vidole 13, kama sentimita 24; ile takatifu vidole 11. Chini yake ilikuwapo iliyoitwa kwa jina la uwanja wa michezo, vidole 9, kisha nyingine za bei nafuu, moja ikiuzwa kwa kupimwa uzito, na ya mwisho kabisa, ya vidole 6, haikufaa kuandikia: wachuuzi walifungia bidhaa. Jamii nzima ya Kirumi imo katika orodha hiyo, kutoka kwa Kaisari hadi kwa muuza viungo sokoni, kila mtu na karatasi ya hadhi yake.

Lakini karatasi ya Augusto ilikuwa na kasoro. Ilikuwa nyembamba mno: kalamu iliitoboa, na maandishi ya upande mmoja yalionekana upande wa pili. Katika zama za Kaisari Klaudio ikarekebishwa. Tabaka la chini likawekwa la daraja la pili, lenye nguvu. La juu likabaki la daraja la kwanza, laini. Na upana ukaongezwa hadi futi moja. Karatasi hiyo ikaitwa ya Klaudio. Nikiisoma habari hii namwona mtu mwingine kabisa, ameinama juu ya ubao, ndiye aliyejaribu, akaona, akajaribu tena kuchanganya mtande wa aina moja na mshindio wa aina nyingine. Jina lake halikuandikwa popote. Katika orodha nzima ya Plinius mwenye karakana mmoja tu ndiye aliyetajwa, Fannius wa Roma, aliyechukua karatasi ya uwanja wa michezo na kuilainisha mpaka ikawa bora zaidi.

Na kazi hiyo isiyo na jina iliposimama, dola ilitetemeka. Plinius anasimulia kwamba zama za Tiberio mafunjo yalikosekana, ikabidi maseneta wateuliwe kusimamia mgawo wa karatasi, la sivyo maisha ya watu yangevurugika. Watu wakubwa wa Roma, wenye majeshi na mashamba, walikaa kugawa karatasi kwa sababu mmea mmoja wa mtoni haukuota vizuri mwaka huo.

Sishangai. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Roma ilikuwa na mali nyingi. Nchini Misri kila baada ya miaka 14 kila nyumba iliandikisha watu wake: majina, umri, makovu mwilini, nani huru na nani mtumwa. Kila kodi ilikuwa na stakabadhi. Kila mkopo, kila talaka, kila lalamiko la mjane dhidi ya mdhamini wake lililazwa juu ya mtande na mshindio. Waingereza wawili, Bernard Grenfell na Arthur Hunt, walipoanza kuchimba majalala ya mji wa kale wa Oxyrhynchus msimu wa 1896 na 1897, walikuta karatasi hizo kwa maelfu mengi, zimehifadhiwa na ukame wa jangwa.

Mmoja wa watu waliofufuka humo ni Tryphon, mfumaji nguo. Tunajua kwamba mwaka 52 alisamehewa utumishi kwa sababu ya mtoto wa jicho na uoni hafifu. Tunajua kwamba mwaka 66 alimpeleka mwanawe Thoonis kwa mfumaji mwingine ajifunze kazi kwa mwaka mmoja, kwa mkataba wenye masharti kamili, pamoja na faini kwa siku ambazo kijana angekosa kwenda. Mfumaji asiyeona vizuri, amehangaika mwanawe apate ufundi: habari hii ingeweza kutoka sokoni Konyo Konyo jana. Imetufikia baada ya karibu miaka 2,000 kwa sababu tepe za mafunjo zilichanwa vizuri na mtu ambaye hatutamjua kamwe.

Watu wengi hapa Juba huniuliza Roma inatuhusu nini. Huwajibu kwa habari ya mto wetu. Karibu mwaka 61, Kaisari Nero aliwatuma maakida wawili wapande Nile wakatafute chanzo chake. Mfalme wa Meroe aliwasaidia na kuwaombea njia kwa watawala wa mbele. Waliporudi, Seneca, mwanafalsafa aliyekuwa mwalimu wa Nero, aliwasikia kwa masikio yake. Walieleza kwamba walifika kwenye mabwawa makubwa ambayo hata wenyeji hawakujua yanaishia wapi, mimea ikiwa imesokotana na maji kiasi kwamba huwezi kupita kwa miguu wala kwa chombo, isipokuwa kimtumbwi cha mtu mmoja.

Yeyote aliyesafiri kutoka Juba kwenda Malakal kwa mashua anajua wanachosema. Ni Sudd, na jina hilo lenyewe kwa Kiarabu ni kizuizi. Inaanzia kaskazini ya hapa, maeneo ya Bor, na mwaka 2006 iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu ikiwa na kilomita za mraba zipatazo 57,000. Mmea unaotawala kingo za maji yake ni funjo. Dola iliyoandika sheria, kodi na sifa zake zote juu ya mafunjo ilikuja mpaka mlangoni mwetu, ikakuta mafunjo yamesimama kwa mamilioni, mabichi, yenye kingo tatu, yakaikatalia njia. Kizuizi hicho kilidumu mpaka kati ya mwaka 1839 na 1842, mashua za Muhammad Ali wa Misri zilipopenya na kufika Gondokoro, ng'ambo ya mto, jirani na Juba ya leo. Huko Meroe, muda mrefu kabla ya Nero, watu wa Kushi walikuwa wamekifukia kichwa cha shaba cha sanamu ya Augusto chini ya kizingiti cha hekalu, ili kila aingiaye akikanyage. Kilifukuliwa mwaka 1910. Jina la Augusto lilikuwa juu ya karatasi bora kuliko zote duniani, na uso wake ulikuwa chini ya nyayo.

Kuna jambo jingine la gombo ambalo sikulieleza pale juu. Ile karatasi ya kwanza, nzuri kuliko zote, ilipata jina lake yenyewe kwa Kigiriki: protokollon, yaani iliyogundishwa mwanzo. Baadaye ikawa ndiyo yenye alama ya serikali, na mwaka 537 Kaisari Justinian aliagiza waandishi wa mikataba wasiikate, ili uhalali wa hati ujulikane. Neno hilo likasafiri hadi likawa protokali, kile ambacho katika Kiswahili sanifu tunakiita itifaki. Tarehe 20 Julai 2002, mjini Machakos nchini Kenya, ilitiwa saini itifaki iliyotambua haki ya watu wa kusini mwa Sudan kujiamulia mambo yao. Kutoka hapo yakaja makubaliano ya amani ya tarehe 9 Januari 2005, kisha kura ya maoni ya Januari 2011, kisha uhuru tarehe 9 Julai mwaka huohuo. Nchi ninayofundisha ilianza kwa karatasi ya kwanza ya gombo.

Ndiyo maana nawaheshimu sana wale waliookoa nyaraka za taifa hili. Kwa miaka kadhaa baada ya vita nyaraka hizo zilikaa ndani ya hema kubwa hapa Juba, mafaili ya tangu enzi za ukoloni, mchwa wakizila na unyevu ukizivimbisha. Watumishi wa wizara ya utamaduni, wakisaidiana na Taasisi ya Bonde la Ufa, walizipangusa vumbi, wakazipanga moja moja, wakazipiga picha. Nayo ni kazi ya mkono: kuinua jani lililooza bila kulichana, kujua wapi pa kushika na wapi pa kuachia.

Karatasi yangu ya tatu iko mbele yangu ninapoandika. Haingefika hata daraja la Fannius. Tepe zake zinapandana vibaya pembeni, na kona moja ni nene. Lakini nikiiinua dirishani naona mtande na mshindio, mstari juu ya mstari, kama ukuta uliojengwa kwa mwanga. Nilitayarisha wino kwa masizi ya chungu na gundi ya mgunga, jinsi waandishi wa kale walivyofanya, nikachonga tete. Nikamuuliza mama yule tuandike nini. Nilidhani atataka aya au jina la mwanawe.

"Andika jina la mama yangu," akasema. "Yeye ndiye aliyenifundisha kulaza majani."

Nikaliandika polepole, herufi sita, nikiogopa kona nene. Wino haukusambaa.